Aliyekuwa Akiita Chini ya Mlima

Majina ya watu wote wa habari hii ninayakumbuka, hata jina la mbuzi aliyekula ushungi wa mkaza mwanangu siku ulipoanikwa uani. Ila sitayaandika. Wengine wameshakwenda mbele ya haki, na walio hai wana wajukuu wanaojua kusoma kuliko mimi.

Ilikuwa baada ya ile mvua ya Elinino. Mkaza mwanangu alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani, na wageni walipoadimika akarudishwa nyumbani. Alirudi na jambo. Mgeni mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akikimbia naye ufuoni asubuhi kabla ya kazi, alikuwa amemwandikisha katika mbio za huko bara. Si mbio za kuzunguka uwanja, la. Za milimani, mtu anaondoka alfajiri, na akifika jua likizama amshukuru Mungu.

"Na wewe umesemaje?" nikamwuliza mwanangu, mumewe.

"Nimesema nitamfundisha kushuka."

Nilicheka. Mwanangu alikuwa mkwezi wa minazi mpaka alipoanguka akavunjika nyonga, na tangu hapo aliburura mguu. Hakukasirika.

"Kupanda, Mama, kila mtu anapanda. Mimi nilianguka nikishuka."

Kwetu ni chini ya mlima wa Kwale. Njia ya mguu inapanda kando ya msitu, mawe na mizizi, na mvua ile ilikuwa imeichimba mifereji. Alasiri, tukishaswali, mwanangu alikaa juu ya gogo pale njia inapoanzia, mkewe akapanda mbio, suruali chini ya gauni, ushungi umefungwa kisogoni. Akishapotea machoni, mwanangu aliita kama wakwezi wanavyoita ili watu wa chini wasipigwe na nazi: "Haya-ee!" Naye mkewe huitika kutoka juu: "Haya-ee!" Kwa sauti ile mwanangu alijua amefika wapi na pumzi yake ikoje. "Huyo amekanyaga vibaya," huniambia. Siku nyingine hutabasamu tu, nami nikajua anashuka vizuri.

Jirani yangu alikuwa akishuka na kuni akasimama.

"Shoga, huyu mkaza mwanao anamkimbia nani kila siku?"

"Anamkimbia mwanangu."

"Mbona basi anarudi?"

Tulicheka hata mzigo ukamteleza kichwani. Mwanangu alicheka kuliko sisi.

Halafu homa. Ilimshika Jumatatu, na Ijumaa tukamzika. Sina zaidi la kusema hapo.

Mkewe akakaa eda nyumbani kwangu, na mbio zile zikaangukia katikati ya eda. Watu watashangaa, lakini mimi mamake marehemu ndiye niliyetaka aende. Niliona mwanangu amebakisha kazi moja duniani, nayo iko katika miguu ya mkewe. Nikaenda kwa sheikh wetu.

"Mjane hutoka kwa dharura," akaniambia kwa upole. "Hii ni dharura, mama?"

"Kwangu mimi ni dharura."

"Na kwake yeye?"

Hilo sikuwa nimeuliza. Nilimkuta mkekani, katika nguo zake nyeupe, anachagua mchele. Nikamweleza yote. Akaendelea kutoa mawe, moja moja.

"Mama, nitashukaje bila yeye kuniita?" Kisha akasema, "Nitakaa eda yake mpaka mwisho. Nikitoka, nitapanda mlima wetu."

Siku ya mbio ilipofika tulitwanga mahindi. Hakuna aliyeitaja. Jua lilipozama akasema tu, "Sasa wamefika," akaingia ndani.

Eda ilikwisha, akaoga, wanawake wakaja wakamtoa. Siku ya pili yake, alasiri, alivaa suruali yake. Nikamfuata, nikakaa juu ya gogo. Alipopotea kwenye miti nikaona kimya kimezidi, nikaita. Sikuwa nimepanga. "Haya-ee!"

Hakuitika. Nikaita tena. Nikasikia mawe yanaporomoka, nikainuka. Baadaye akatokea akitembea, anashika mti huu na huu.

"Umeumia?"

"Sikuumia." Alikaa karibu nami akitweta. "Mama, sauti yako ni yake. Sikuwahi kuijua hivyo."

"Sasa mbona hukuitika?"

"Ningeitika, ningeshuka nikitazamia kumkuta yeye amekaa hapa."

Kesho yake akanijia mwenyewe. "Twende, Mama. Lakini usiite."

Nilikaa nimeziba mdomo kwa leso. Sikujua yuko wapi mlimani, kama anapanda, kama anashuka, kama ameanguka. Mwanangu hakuwahi kungoja hivyo hata siku moja. Mimi nilingoja siku nyingi, mpaka kaka za mkaza mwanangu wakaja kutoka kwao Jego kumchukua, na ilikuwa haki yao.

Mbio zile za bara hakwenda kamwe. Aliolewa huko Jego, akazaa, na watoto wake huniita bibi wanapoletwa Sikukuu. Nilimwuliza mara moja kama bado anakimbia. "Jego ni tambarare, Mama," akanijibu, akageuza maneno.

Gogo lilishaliwa na mchwa. Nakaa juu ya jiwe. Wanawake wakishuka na kuni huniuliza, "Bibi, wamngoja nani?" Nawaambia napumzika.