Nyasi za Chini

Bi Kinuyo Shirakawa alikuwa hodari wa kusafisha kila mahali isipokuwa chumba kimoja cha nyumba yake. Kilikuwa chumba cha marehemu mumewe, Eisaku, dereva wa treni mstaafu, aliyefariki mwezi wa pili. Sasa Desemba ilikuwa inakatika, theluji imefika madirishani, na kwetu Hokkaido hakuna mtu anayejiheshimu anayeuingia mwaka mpya na vumbi la mwaka wa zamani. Mara tatu Bi Kinuyo alifika mlangoni pa chumba kile na ndoo mkononi. Mara zote tatu alirudi jikoni kung'arisha sufuria ambazo tayari zilikuwa zinang'aa.

Binti yake Chizuko, anayeishi Sapporo, alikuwa amepiga simu kitambo kusema atakuja tarehe ishirini na nane ili wakisafishe pamoja chumba cha baba. Bi Kinuyo akasema sawa. Angesema nini? Amwambie mtoto kwamba kila jioni hufungua kabati la marehemu, akaingiza kichwa kati ya nguo, akavuta harufu ya sigara na dawa ya kuchua, kisha akafunga haraka isije ikaisha? Mwanamke wa miaka sabini na moja hasemi mambo kama hayo.

Basi bidii yake yote akaipeleka kwenye bustani ya wanyama. Alikuwa na miaka sita akijitolea pale, akikata viazi vitamu vya nyani na kujibu maswali ya watoto wa shule. Kipenzi chake alikuwa tanuki mmoja mzee aitwaye Mame, mnyama mdogo wa jamii ya mbwa, macho yamezungukwa na manyoya meusi kama aliyejipaka masizi. Dume wake alikufa majira ya majani kupukutika, na tangu hapo Mame alilala peke yake katika kibanda chao cha mbao.

Tarehe ishirini na nane ilikuwa siku ya usafi wa kufunga mwaka. Murase, mtunzaji wa wanyama wadogo, alimwomba Bi Kinuyo abadilishe nyasi za kibandani.

"Za juu tu, Bi Shirakawa," alimwambia. "Za chini ziache. Inatosha kabisa."

Hapo ndipo Bi Kinuyo alipokosea, na kusema kweli, nani kwetu asingekosea? Kijana akimwambia mzee kwamba inatosha, anaona haya kumchosha, na mzee mwenye adabu huongeza kazi bila kuambiwa. Bi Kinuyo alitoa nyasi zote, akasugua mbao kwa maji ya moto na dawa mpaka kwenye pembe, akakausha, akajaza nyasi mpya. Zile kuukuu zikaondoka na gari la taka. Bwana Odajima, mjitoleaji mwenzake, alichungulia akasema kibanda kimependeza hivi, hata yeye angehamia humo. Bi Kinuyo alirudi nyumbani amefurahi, akamkuta Chizuko ameshafika.

Asubuhi ilikuwa zamu yake tena. Alimwambia Chizuko aanze na jikoni, yeye atarudi saa sita. Alijua fika kwamba anakimbia.

Alimkuta Mame nje, amejikunja kando ya uzio, theluji imemlala mgongoni. Murase alikuwa amechuchumaa na kipande cha tofaa kiganjani. Alisema amelala hapo usiku kucha: anafika mlangoni, ananusa, anarudi nyuma.

Kisha Murase akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Kosa ni langu, sikukueleza vizuri. Zile za chini zilikuwa na harufu ya dume wake. Nilikuwa nampunguzia kidogo kidogo, ili azoee."

"Nimezitupa zote."

"Najua."

"Hakukubaki hata unyasi mmoja?"

Murase alitikisa kichwa. Heri angemgombeza. Alimfunika Mame kwa gunia, akambeba kumpeleka chumba cha wagonjwa. Alisema hatakufa kwa baridi, lakini kama atakubali tena kulala kibandani, hilo hawezi kuahidi.

Bi Kinuyo alibaki anakitazama kibanda kile kisafi, na ghafla akaliona akilini kabati la Eisaku. Ilikuwa saa tatu na nusu, na gari la mwisho la taka mwaka ule lingepita mtaani kwao saa nne. Alipiga simu nyumbani, ikaita mpaka ikakatika. Basi la kumrudisha halikuonekana. Akatembea, tena kwa kasi isiyofaa umri wake, akiteleza na kujishika kwenye kuta za watu.

Kwenye kona ya mtaa, mahali pa kuwekea taka palikuwa patupu. Wavu wa kuzuia kunguru ulikuwa umeshakunjwa.

Nyumbani madirisha yote yalikuwa wazi na upepo unapita utakavyo. Chizuko alikuwa amepiga magoti anafuta mikeka ya chumba cha baba yake. Kabati lilikuwa tupu, linanukia siki ya kusafishia.

"Jikoni hakukuwa na la kufanya, Mama," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nikaona nikuondolee kazi hii nzito, usiione."

Bi Kinuyo alitaka kupiga kelele. Alitaka kumshika mabega amtikise. Lakini angemlaumu kwa lipi, naye jana kafanya yaleyale kwa moyo uleule?

"Pole na kazi, mwanangu," alisema. "Kosa ni langu. Sikukwambia."

Chizuko aliinuka, na ndipo mama yake akaona kwamba amevaa sweta ya kijivu ya Eisaku, inayompita magotini, mikono imekunjwa mara tatu.

"Hii? Nilisikia baridi, na sikutaka kuchafua yangu. Nikimaliza nitaifua niikate matambara."

"Usiifue."

"Mama, imejaa vumbi."

"Chizuko. Usiifue."

Chizuko alimtazama mama yake. Akateremsha mkono mmoja wa sweta, akauleta puani, akabaki hivyo. Akaanza kulia.

Bi Kinuyo hakumwendea. Alikuwa anafunga madirisha, moja baada ya jingine, upesi upesi.