Kitovu cha Salehe

Kuna uji ambao haupikwi ila katika nyumba yenye mzazi. Ni unga wa mchele, tui la nazi, sukari, na pilipili manga nyingi kiasi cha kumtoa mtu machozi hata kabla hajavuka mlango. Wiki iliyopita harufu yake ilinikuta barazani kwangu hapa Dunda, gazeti mkononi, na macho yakaanza kuniwasha. Mke wangu alikuwa jikoni akimkorogea binti yetu Zena, aliyejifungua mtoto wa pili, wa kiume. Nikajifanya ni pilipili. Mkinivumilia, nitawaambia ilikuwa nini.

Mlangoni pa chumba cha Zena alisimama Nuru, mtoto wake wa kwanza, ana miaka mitano. Hakuingia, hakuondoka. Alivuta pazia kwa kidole kimoja, akachungulia, akaliachia. Wanawake walipita na mabakuli na ndoo za maji ya moto, kila mmoja akimsogeza kwa goti: "Pisha, mama, pisha." Nikaukumbuka mlango mwingine, ambao mimi mwenyewe niliusimamia hivyo hivyo zaidi ya miaka sitini iliyopita, nikiwa na umri kama wake.

Baba yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Akirudi jioni miguu yake ilikuwa myeupe hadi magotini, nami nilikuwa nikipitisha kidole kwenye muundi wake na kukilamba, Mama akicheka kwamba nitammaliza mumewe. Mama alisuka ukili. Nilikuwa peke yangu kwao. Nilikula sahani moja na Mama, nikalala ubavuni mwake, na uani kulikuwa na mnazi mmoja mchanga ambao kila mtu aliuita mnazi wa Shomari, kwa sababu chini yake kilizikwa kitovu changu. Watu wa kwetu wakitaka kujua kwenu ni wapi, huuliza kitovu chako kimezikwa wapi. Changu nilikuwa nakiona kila asubuhi nikienda kunawa.

Kisha akaja Salehe, na pamoja naye akaja Bibi, mama yake Mama, kutoka Saadani, na kikapu chake cha ukindu kilichonuka samaki wakavu. Alikuja kumuuguza mzazi siku arobaini. Tangu alipotua kikapu, nyumba ikawa yake. Mama alilazwa nyuma ya pazia, tumbo limefungwa mkaja, akakandwa maji ya moto, akanyweshwa ule uji. Mimi nikapewa mkeka pamoja na Baba, aliyekoroma kama mtu anayekokota kitanda. Mahali pangu pakawa mlangoni, na jina langu likawa Pisha.

Shangazi Mwanahawa, dada yake Baba, alikuwa na ulimi usiolala. "Shomari, umeshapinduliwa!" aliniambia mbele ya wanawake wote. "Ufalme umekwisha, bwana. Hama na godoro lako." Wakacheka. Godoro lenyewe sikuwa nalo.

Mama aliniita mara nyingi. "Shomari wangu, njoo umwone mdogo wako." Niliingia, nikamkuta ananuka ubani na maziwa, si harufu niliyoijua. Akininyooshea mkono, nilitazama vidole vyangu vya miguu mpaka mkono ukachoka ukarudi kitandani.

Mtu mmoja tu aliniona. Huyo ni Bi Tausi, jirani yetu, ambaye hakujaliwa mtoto. Yeye na Mama walisuka pamoja miaka yote, wakiunganisha ukili wao kuwa mkeka mmoja. Alipokuja kumjulia hali mzazi hakunisogeza kwa goti. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akasema kwa adabu zote: "Shikamoo, kaka mkubwa." Mtu mzima kumwamkia mtoto! Nilicheka mpaka nikashika mlango. "Marahaba," nikamjibu kwa sauti nene, naye akatoa kitumbua ndani ya upindo wa kanga. Tulifanya hivyo kila siku.

Siku ya sita kitovu cha Salehe kikaanguka. Bibi akakifunga katika pamba na kitambaa cheupe, akakiweka kwenye mwanya juu ya mlango, kusubiri Ijumaa Baba asipokwenda kazini. Nazi iliyokwisha kuota ilikuwa tayari imeegemezwa uani, hatua tatu tu kutoka kwenye mnazi wangu.

"Bibi," nikauliza, "kwa nini kizikwe hapa?"

"Ili awe wa hapa," akasema, akipuliza moto. "Kitovu kikilala hapa, hata aende Unguja, hata aende Makka, atarudi."

"Na kikizikwa kwingine?"

"Basi atakuwa wa huko. Lete kuni, usinihoji kama kadhi."

Nikaleta kuni. Lakini neno lile nilikuwa nimelichukua.

Kesho yake mchana Bibi alikwenda kisimani na Mama alikuwa amelala. Nikakibiringisha kinu kutoka jikoni, nikakifudikiza chini ya ule mwanya, nikapanda. Kile kifurushi kilikuwa chepesi kama ganda la karanga. Naapa sikutaka mtoto yule apatwe na baya lolote. Nilitaka tu awe wa Saadani. Nilikitia chini kabisa ya kikapu cha Bibi, ndani ya mikunjo ya kanga aliyoiweka ya kurudia safari, nikiamini kwamba siku ya arobaini akiondoka, mwenye kitovu ataondoka naye. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekisukuma kinu kando Bi Tausi alipopiga hodi, bakuli mkononi. Akaona Mama amelala, akaweka bakuli, akanipapasa kichwa, akaenda zake.

Ijumaa Baba akachimba shimo. Bibi akapeleka mkono juu ya mlango, akaurudisha mtupu. Wakatafuta kwenye mikeka, kwenye majivu, chini ya mtungi. Kwanza akalaumiwa panya.

"Panya gani huyo," akasema Shangazi, "achukue na kitambaa na pamba asiache hata uzi? Kitovu cha mtoto hakipotei, kinachukuliwa." Mnajua wenyewe wazee wetu walihofia nini kitovu kikiangukia mikononi mwa mwenye husuda. Akachutama mbele yangu, sauti imekuwa tamu ghafla. "Shomari baba, wewe hukosi mlangoni. Jana ulimwona nani amesimama hapa?"

"Bi Tausi," nikasema.

Sikusema uongo, na ndiyo sababu neno lile halikunikwama kooni. Alisimama pale kweli. Nikaona uso wa Shangazi unajifunga.

"Asiyejaliwa," akasema polepole, "jicho lake halitosheki."

"Wifi!" Mama akapaza sauti kutoka nyuma ya pazia. "Usiniletee maneno hayo. Tausi ni ndugu yangu."

"Basi kiko wapi?"

Mimi ndiye niliyejua, na macho yangu yalikuwa kwenye kikapu kilichoning'inia nguzoni. Nataka mnielewe sawasawa, maana umri huu sina haja ya kujipamba. Sikuogopa bakora. Niliogopa kwamba nikisema, watakitoa, watakizika hatua tatu kutoka kwenye mnazi wangu, na Salehe atakuwa wa hapa milele. Kwa hiyo nikanyamaza, na Baba akafukia shimo tupu.

Bi Tausi alikuja kesho yake akapiga hodi. Shangazi akamjibu kutoka ndani, bila kufungua: "Mzazi amelala." Keshokutwa yake, mzazi alikuwa bado amelala. Siku ya tatu nilikuwa nje. Akautazama ule mlango, akanitazama mimi, na nadhani hapo ndipo alipofahamu anashukiwa nini. Hata hivyo akainama. "Shikamoo, kaka mkubwa." Nikakimbilia ndani. Kile kitumbua alikiacha juu ya baraza, na kuku wakakigombania.

Siku ya arobaini Bibi alibeba kikapu chake akarudi Saadani, na Salehe akabaki pale pale mikononi mwa Mama. Nilimsubiri aondoke. Badala ya kuondoka, akaanza kucheka, na mtu aliyependa kumchekea kuliko wote alikuwa mimi. Sikujua niufanye nini uso ule. Taratibu, bila kupatana na mtu, nikampenda.

Mvua za masika zilipokwisha, Bibi alirudi kututembelea. Hata maji hakunywa. Alikaa mkekani akasema, "Mnisamehe. Kile kitovu nilikikuta ndani ya kikapu changu. Nilikitia mwenyewe nikasahau. Uzee huu. Sikuona vyema kukitembeza tena, nimekizika kule kwangu."

Shangazi akagonganisha viganja. "Haya! Tumemsingizia mtu, kumbe akili za bibi zimekwenda na maji!" Tangu siku hiyo, katika ukoo wetu hakuna aliyemwita tena Bibi kuuguza mzazi, yeye aliyewakanda nusu ya wanawake wa Saadani. Nakumbuka alinitazama. Hakunikazia macho, alinitazama kama mtu anayengoja jambo. Nami nikamletea maji.

Mama alijitanda ushungi saa ile ile akaenda kwa Bi Tausi. Alirudi macho mekundu. Bi Tausi alisamehe, na sina shaka alisamehe kweli. Alitusalimu njiani, na siku ya Idi alituletea sahani ya chakula. Ila kizingiti chetu hakukivuka tena. Mama akawa anasuka peke yake barazani kwetu, na Bi Tausi peke yake barazani kwake, na ukili wa Mama ukajikunja miguuni pake kama jambo lisilo na mwisho. Nilipokuwa sekondari Dar es Salaam kila likizo nilirudi nimekusudia kumwambia Bi Tausi. Mwaka wa tatu ilinifikia barua kwamba amezikwa. Ile shikamoo yake sikupata kuiitikia.

Kwa miaka mingi nilijiliwaza kwamba Bibi alisahau kweli. Sasa umri wake ndio wangu. Nasahau miwani ikiwa kwenye paji la uso, nasahau nimeswali rakaa ngapi. Lakini kitovu cha Zena nilikiweka wapi kabla ya kukizika, nakumbuka mpaka rangi ya uzi. Na kinu chake mwenyewe, alichotwangia kila siku, kilipobadili mahali, Bibi asijue? Alijua. Alijitwisha kosa langu mbele za watu, akaniachia nafasi ya kulitua kutoka kichwani pake. Nikamwacha nalo mpaka akafa.

Salehe nilimwambia mwaka huu kwa simu. Yeye anaishi Saadani tangu ujanani, alikuwa dereva hifadhini, akaoa huko, akajenga hatua chache kutoka ilipokuwa nyumba ya Bibi. Alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, kumbe ulinihamisha bila nauli!" Kisha akauliza, "Na Bi Tausi, ulimwambia?" Nikasema hapana. Hakucheka tena.

Kuhusu mkono wa Mama, nimeuelewa juzi tu. Zena aliniita akaniambia kwa sauti ndogo, machozi yakimlenga: "Baba, nimemkumbuka Nuru wangu, na yuko hapo mlangoni. Namwita, haji." Sikuwahi kuwaza kwamba nyuma ya pazia lile naye alikuwapo mtu aliyefiwa na siku zake za zamani.

Jana kitovu cha mtoto kilianguka. Sikukiweka juu ya mlango. Nilimchukua Nuru uani, mke wangu akilalamika nyuma yetu, "Jamani, kitovu apewe mtoto?" nikakitua katika kiganja chake, nikamwonyesha mnazi wake na shimo nililochimba kando yake. Alikitazama sana.

"Babu, nikikitupa je?"

Nikachuchumaa, magoti yakalia. "Ukikitupa, njoo uniambie mimi. Siku hiyo hiyo. Sitakupiga."

Akafikiri. Kisha akakiweka shimoni mwenyewe, akasukuma udongo kwa mikono yote miwili. Alipomaliza, nikainama mpaka uso wangu ukawa sawa na wake.

"Shikamoo, dada mkubwa."

Alicheka mpaka akajipaka udongo mdomoni.

"Marahaba!" akasema, akakimbilia ndani kumwonyesha mama yake mikono.