Bi Kisha na Rafu Tupu

Mkutubi wa kona ya vijana ana jina alilopewa na wazazi, ila siku hizi linatumika kwenye mshahara tu. Watoto humwita Bi Kisha, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Huingia darasani na kitabu kwapani, akakisimulia kama umbeya wa jirani: nani kamkosea nani, nani kajificha wapi. Akifika pale ambapo hata mwalimu kasahau chaki mkononi, pap! Anakifunga. Darasa zima hupiga kelele, "Kisha?"

"Kisha njooni maktaba," hujibu, huyo kaenda zake.

Mwisho wa kitabu hamwambii mtu. Mumewe ameishi miaka mingi na hadithi nusunusu.

"Mke wangu, yule msichana alitoka kisimani au hakutoka?" huuliza chakula kikipoa.

"Baba watoto, macho unayo, na kitabu ndicho hicho."

Maskini mume wa watu, huishia kutafuta miwani.

Basi Jumatatu moja Mkuu wa maktaba alimwita akamwambia kona yake haina wasomaji, vijana wa leo ni simu tu. Ijumaa angekuja kuitazama. Akiikuta imelala, ingegeuzwa stoo ya viti vya ukumbini, na yeye angerudi mezani kugonga mihuri. Bi Kisha aliumia. Rafu ile aliipaka rangi kwa mkono wake, mkeka ule aliubeba kutoka nyumbani. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na maji yakimfika Bi Kisha shingoni ndipo anapoanza kusema.

Akasema! Shule kwa shule, darasa kwa darasa, mpaka sauti ikamkauka. Na watoto wakaja! Walikuja na sare zenye vumbi, wakasukumana mlangoni, wawili wakang'ang'ania kitabu kimoja hadi akawatenganisha kwa kicheko. Aliazimisha huku moyo ukimdunda kwa furaha, huyu chukua, na wewe chukua, mwanangu, usikikunje tu.

Ijumaa asubuhi alifungua mlango, fagio mkononi, akaganda. Rafu ilikuwa tupu. Kwa raha zake alikuwa ameazimisha hata vile alivyovitenga kwa ajili ya ukaguzi. Ilibaki kamusi kuukuu isiyo na jalada.

"Kona ya vitabu haina vitabu?" Mkuu aliuliza nyuma yake.

"Vimeazimwa, Mkuu. Kadi hizi hapa."

"Kadi mtu yeyote anajaza. Bibi wee, usinichezee. Jumatatu viti vinaingia."

Bi Kisha aliutandika mkeka. "Sawa. Ila kaa kidogo nikwambie kilichoondoka jana jioni."

Mkuu alikaa mkekani na suti yake, jicho kwenye saa.

"Msichana anawasha redio jikoni. Anamsikia baba yake akisoma habari. Baba yake, Mkuu, waliyemzika mwaka jana! Anatoka mbio hadi kituo cha redio, anapanda ngazi, anafika kwenye mlango wenye taa nyekundu. Ndani sauti ni ileile. Anashika kitasa, anakizungusha..."

Akashika fagio, akaanza kufagia.

Mkuu alikuwa ameisahau saa kitambo. "Kisha?"

"Kitabu kiko kwa watu. Ukikitaka, kuna foleni."

"Mimi ndiye Mkuu wa maktaba hii!"

"Naam, Mkuu. Na wewe ni wa mwisho."

Hapo mlango ulisukumwa. Binti mmoja aliingia mbio kabla ya kengele ya shule, macho mekundu kwa kukesha, akakiweka mezani kitabu chenyewe. Kabla Mkuu hajanyoosha mkono, mkono mwingine ulishakidaka, na nyuma ya mkono huo kulikuwa na kundi zima likipiga kelele zamu ni ya nani.

Mkuu alimvuta binti pembeni, akainama. "Mjukuu wangu, alikuwa baba yake kweli?"

Binti alimtazama kwa huruma. "Babu, hapa hatuambiani mwisho."

Bi Kisha ilibidi ageukie dirishani, maana machozi na kicheko vilimjia pamoja.

Jumatatu viti viliingia kweli. Vilipangwa kuizunguka rafu, na kile cha karibu na dirisha hukaliwa kila alasiri na Mkuu, anayesubiri zamu yake.