Cheni Niliyoilegeza Mwenyewe

Jumamosi, Julai. Baridi ya Ruiru ya kuuma vidole, manyunyu tangu alfajiri.

Bwanangu alisema jana, tena kwa upole, siwezi kumsingizia: pikipiki ikiharibika mikononi mwangu, inauzwa. Ni kubwa, ya safari ndefu, na ndiyo hunifikisha Busia kwa mama bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini fundi wa Thika hunikalisha kwa kiti kama mgonjwa. Nimekataa kukalishwa. Leo nimeifanyia sevisi mwenyewe.

Oili nilibadilisha vizuri, nadhani. Nilipofika kwa cheni, watu wawili wa boda wakaja kujikinga mvua chini ya mabati yetu.

"Cucu, hiyo cheni inaninginia kama kamba ya nguo! Kaza!"

"Inatosha hivyo," nikajibu, mimi nyanya yao wa ghafla.

"Wee! Sisi tunabeba watu watatu na gunia la viazi, na haichezi. Utaanguka Juja, tuje kukuokota."

Nikakaza. Wao hushinda barabarani, mimi ni nani? Lakini roho ilikataa. Nikawaambia, "Basi kalieni, nyote wawili." Wakapanda wakicheka. Pikipiki ikadidimia kwa springi zake ndefu, na cheni ikakazika kama waya wa sengenge. Hata kidole hakikuisogeza. Hiyo ingekatika kabla ya Nakuru.

"Shukeni."

Nikailegeza tena.

"Haiya! Cucu amerudisha kamba ya nguo!"

"Na itabaki hivyo. Ya kwenu kazeni mpendavyo."

Lakini niandike na hili, maana ni haki: yule aliyenicheka zaidi ndiye aliyeona pini ya kuzuia nati ya gurudumu la nyuma isifunguke ikiwa bado kwa karai la spana. Mimi nilikuwa nimeisahau. Nilimshukuru. Akasema, "Karibu, injinia," na sijui kama alikuwa akinidharau.

Nikaenda nayo Thika, nikapita mbele ya gereji ya fundi bila kupunguza mwendo, nikarudi. Bwanangu alipiga magoti kwa simiti, akapapasa chini ya injini, akaangalia kidole. Maji ya mvua tu, hakuna tone la oili. Akashika cheni, akanitazama.

"Si imelegea?"

"Imelegea vile nataka. Na haiuzwi."

Akainuka, akapangusa magoti. "Msalimie mama ukifika Busia."

Mikono yangu ilikuwa bado na oili, kwa hivyo ugali alisonga yeye. Tulikula na omena na sukuma. Ugali ulikuwa na madonge kidogo, lakini omena ilikuwa tamu, lazima niseme.