Sikio la Mbwa Aliyeenda Kasenga

Kompyuta niliijua kwanza kwa chaki. Shuleni kwetu kuna chumba cha informatique chenye mashine tatu: mbili zimekufa, ya tatu inaamka siku ikitaka. Kwa hiyo profu alituchorea kioo kizima cha kompyuta ubaoni, pamoja na programu ya kuchora: penseli, duara, kifutio, kopo la rangi. Sisi tukanakili kwenye kaye, daftari zetu. Siku moja nikanyoosha kidole nikauliza, "Profu, na huu ubao, umeme wake unakatika saa ngapi?" Darasa likaanguka kwa kicheko, na mimi nikapigishwa magoti, uso kwenye ukuta, mpaka kengele. Sikujuta.

Karibu na mwisho wa mwaka profu akatoa kazi. Kila mmoja achore mnyama wa katuni kwa programu ile, amlete amechapwa kwa rangi. Wengi wakachagua simba na chui, maana kila mtu anataka kuonekana mkali. Mimi nikasema nitachora mbwa wetu.

"Kwenu kuko imbwa?" akauliza jirani yangu wa benchi.

"Hakuna. Alisafiri."

"Imbwa inasafiri?"

"Na viza."

Kweli alisafiri. Zamani mama alikuwa anafanya biashara ya samaki wakavu, anaenda Kasenga, anarudi Lubumbashi, anaenda tena. Barabara ikamchosha. Miaka miwili iliyopita akapata depo ya samaki kule Kasenga, karibu na mto Luapula, akaamua kukaa, na mimi nibaki Lubumbashi, mtaa wa Hewa Bora, kwa mama mukubwa, dada yake, nisiache shule. Akamchukua na mbwa, alinde depo. Asubuhi ya kuondoka walimpandisha juu ya lori katikati ya magunia matupu, mimi nikasimama chini. Watu wote wa parcelle, ua wetu mzima, walikuwa wananitazama waone kama nitalia. Nikamwambia mama, "Unaona? Kwa batoto bako bawili, unachagua mwenye kuko na meno."

Mama alicheka sana. Lori likaondoka akiwa bado anacheka, nami nikajisifu kutwa nzima.

Tangu siku ile ndivyo tunavyoongea. Anapiga simu Jumapili, watu wakitoka kusali, na mimi namchekesha. Namwigizia mama mukubwa akiombea chakula mpaka bukari, ugali wetu, inapoa. Akiuliza, "Unakaa muzuri?" najibu, "Muzuri kupita zamani, hakuna mwenye kunipigia kelele." Pasaka alisema atakuja, hakuja, mvua zilikata barabara upande wa Kasomeno. "Haina mambo, mama," nikamwambia, "tulikula na fungu yako." Kwa miaka miwili sikuwahi kumwambia kwamba nina hamu naye. Maneno yalikuwa yanafika mpaka kwenye meno, halafu yanageuka utani.

Basi, kazi ya profu. Tonton, mjomba wangu, mdogo wake mama, ana kiduka cha kuchapa: barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, picha za marehemu za kuweka kwenye tisheti. Aliniruhusu kukaa kwenye mashine yake mchana, saa ambayo wateja wanaenda kula. Nikaenda na kaye yangu, na aibu ikaanza palepale. Kwenye kaye vifaa vya kuchora viko upande wa kulia, kwa sababu kushoto kuna ule mstari mwekundu wa pembeni na sikutaka kuuvuka. Nilitafuta kopo la rangi kulia kwa kioo muda mrefu.

"Unatafuta nini kule?" tonton akauliza.

"Kopo ya rangi. Mu kaye iko kuume."

"Basi bonyeza kaye."

Nikachora. Duara kubwa la kichwa, duara dogo la pua. Mkono wangu umezoea kalamu ya biki, na ile souris, kipanya cha kompyuta, ilikuwa inateleza kama sabuni ndani ya beseni. Mbwa wa kwanza alikuwa kiazi chenye macho.

"Hii ni nini?" tonton akauliza tena. Yeye anauliza kila kitu.

"Imbwa."

"Mi naona député wa bunge mwenye kutoka ku karamu."

Siku ya tatu kitu kikaanza kutoka. Tumbo, miguu mifupi, mkia uliojikunja. Nikaweka jicho, na ndani ya jicho doa dogo jeupe, kama profu alivyotuonyesha. Ghafla akaniangalia. Sikutegemea. Niliondoa mkono kwenye souris. Ndiye aliyekuwa anakuja mpaka kona kunipokea nikitoka shule, na nyuma yake, uani, mama ameinama anageuza samaki juani, hanioni bado, lakini anajua nimefika kwa sababu mbwa ameondoka mlangoni. Nilivuta pumzi mle dukani kama mjinga. Palinuka wino tu.

Likabaki sikio. Mbwa wetu ana sikio moja lililokatika ncha, mbwa wa jirani alimng'ata alipokuwa mdogo. Nikashika souris, na sikujua. La kushoto au la kulia? Nilifumba macho nimwone anakuja. Kila akija, sikio linahama. Na picha zake hatukuwa nazo, zilikufa pamoja na simu ya zamani ya mama. Nikalikata la kushoto, nikamtazama, nikaona mbwa wa watu. Nikataka kulipeleka upande mwingine, likakataa. Nikivuta sikio, kichwa kizima kinakuja.

Tonton akacheka mpaka akatafuta kiti. "Uliweka yote ku kalke moja! Kichwa, sikio, mukia, yote!"

Kalke, akanieleza, ni kama karatasi ya plastiki inayoonyesha upande wa pili. Unazipanga moja juu ya nyingine, kichwa kwenye yake, sikio kwenye yake, ndipo unaweza kusogeza moja bila kugusa nyingine. Somo hilo profu alilichora ubaoni siku ile ile niliyokuwa nimepiga magoti, natazama ukuta.

"Anza mupya," tonton akasema. "Lakini uliza kwanza sikio ni ya wapi. Piga kwa mama yako."

Haikuwa Jumapili. Sikuwahi kumpigia siku ya kazi. Alijibu mara moja, na hofu kwenye sauti.

"Nani iko mugonjwa?"

"Hakuna. Ni ya masomo. Mama, sikio ya imbwa yenye ilikatika, ni ya kushoto ao ya kuume?"

"Unanipigia juu ya sikio ya imbwa?"

"Profu njo anataka."

"Profu wenu anamujua?"

"Alisikia sifa yake."

Akacheka. Nikasikia anatembea, anamwita mbwa kwa ule mluzi wake wa ulimi, ambao nilikuwa nimesahau kwamba naujua. "Ni ya kuume. Kuume yake, hapana kuume yako. Alizeeka, unajua? Mudomo ilishakuwa nyeupe. Na ile tumbo! Anakula bichwa bya samaki tu, kazi hafanye. Kazi yake ni moja. Lori ya Lubumbashi ikifika, anaamuka, anaenda kunusa kila muntu mwenye kushuka. Bote. Halafu anarudia kulala."

"Anatafuta nini?" nikauliza, mjinga mimi.

"Shi ni weye," mama akasema.

Utani nilikuwa nao tayari, ule wa mbwa anayekagua vitambulisho kama polisi wa barabara. Haukutoka. Nikasema unite za simu zinaisha, nikakata. Unite zilikuwepo.

Nikaanza upya, kila kitu na kalke yake. Sikio kuume. Ukabaki mdomo. Mbwa niliyemjua alikuwa wa kahawia mpaka puani. Nikafungua kalke mpya, nikampaka weupe kuzunguka pua. Kila kalke ina kijicho kidogo pembeni: ukikibonyeza inajificha, ukikibonyeza tena inarudi. Nikabonyeza: mbwa wangu. Nikabonyeza: mbwa wa Kasenga. Wangu. Wa Kasenga.

"Unachezea nini hapo?" tonton akasema.

Nilikuwa nawaza kama mama naye ana mahali pamekuwa peupe. Sauti ya simu haionyeshi nywele.

Nikauacha weupe ubaki, nikaongeza na tumbo. Profu akanipa kumi na nne kwa ishirini, akaandika pembeni kwamba mnyama wa katuni hapaswi kuzeeka. Amesema hayo mtu mwenye upara.

Jumamosi nikamtumia mama picha kwa simu. Chini yake nikaandika yale maneno ya député, nikafuta. Nikaandika ya vitambulisho, nikafuta. Nikaandika: "Mama, niko nakulilia. Tangu siku ya lori." Nikatuma kabla kidole hakijapata akili.

Aliona. Nikazunguka parcelle mara tatu, mama mukubwa akaniuliza kama nina minyoo. Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti. Kwanza kelele za depo, mtu anataka apunguziwe bei ya samaki, mlango unafungwa, halafu pumzi yake.

"Mutoto yangu. Mi nilizani ulizoea. Kila saa nikipiga, unacheka tu, unacheka. Nikasema, iko bien, iko muzuri kule, nikikuya nitamuvuruga. Ile Pasaka, barabara ilikatika, ni kweli. Siku tatu. Kisha bakaitengeneza, malori yakaanza kupita. Na sakoshi yangu ya safari ilikuwa ku mulango. Nikakumbuka vile ulisema haina mambo. Nikaifungua, nikatosha manguo, nikabakia."

Nilisikiliza mara nne. Siku tatu tu. Miaka miwili nimejisifu kwamba namchekesha vizuri, na mtu aliyeniamini zaidi ya wote alikuwa yeye.

Nikashika kitufe cha kurekodi sauti. Kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu wa kumwigiza. Mama mukubwa alikuwa ananitazama kutoka mlangoni, na sikugeuza uso.

"Siyazoea bado, mama," nikasema. "Kuya. Ao mi nikuye."