Jibu la Daktari Anatole

Daktari Anatole, bingwa wa saratani, alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya kuwahudumia wagonjwa wasiopona, vita vilipoukaribia Baraka, mji wenye hospitali yake kando ya Ziwa Tanganyika. Milio ya bunduki iliposikika upande wa kijiji cha Mboko, wauguzi walifunga virago. Naye alizungukazunguka wodini akichungulia barabara, hadi Mama Kabagwira, mfugaji wa milimani mwenye saratani ya titi, akamwita.

“Docteur, mi nitapona?”

Zamani angeahidi upasuaji mwingine. Sasa aliketi karibu naye.

“Hapana, mama. Lakini sitakuacha na maumivu.”

“Basi uniitie Kirezi, mutoto wangu. Iko maneno nataka kumwambia.”

Alimwita binti huyo, akampa mama mofini ya kutuliza maumivu, akabaki naye. Kabagwira alifariki kesho yake, akiwa ameshamwambia bintiye yote. Baada ya mazishi, Anatole aliikimbia vita, akavuka ziwa kwa mtumbwi.