Mzee Nundu na Nukta Mbili Zilizosahaulika

Saa moja asubuhi, mlinzi akiwa bado anafagia ngazi, Mzee Nundu ameshaingiza karatasi ya tatu kwenye mashine. Ni karatasi nene, ngumu kama kadi ya mwaliko. Mbele yake kuna kitabu cha hesabu kilichoegemezwa kwenye kopo la rangi. Anasoma mstari, anabonyeza vibonye, anasimama. Kisha anafumba macho, anapitisha kidole juu ya vinundu alivyovichomoza sasa hivi, na midomo inaanza kucheza.

"Moja. Toa tatu. Ongeza mbili," ananong'ona. "Imebaki sifuri. Haya, twende."

Kazi yake ni kunukuu vitabu kwa nukta nundu, maandishi ya vidole yanayosomwa na wasioona. Yeye mwenyewe anaona vizuri, ingawa kwa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Jina la Mzee Nundu alipewa na wenzake katika kituo cha unukuzi anakofanya kazi. Mkewe, fundi cherehani, alilichukia kwa wiki nzima, kisha akaanza kulitumia yeye mwenyewe.

Kabla ya kazi hii mzee alikuwa mpiga chapa kwa miaka kumi na mitano, mpaka ofisi ilipoziondoa taipureta zote siku moja.

"Nilidhani vidole vyangu vimestaafu kabla yangu," anasema.

Mshahara wa kituo hauvuki tarehe ishirini. Siku zinazobaki zinabebwa na cherehani ya mkewe, na mzee halifichi hilo. Lakini ukimuuliza kuhusu kazi, hataanza na mshahara. Ataanza na alama moja ya kutoa, ambayo miaka miwili iliyopita nusura imtoe binti wa watu darasani.

Binti huyo haoni tangu utotoni. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea hesabu, na alitaka kuchukua somo linaloitwa nadharia ya uwakilishi. Mkuu wa idara alimshauri achague jingine, kwa sababu kitabu chake hakikuwepo kwa nukta nundu.

"Hakunifukuza. Alinionea huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma," anasema binti.

Wakakubaliana hivi: kitabu kikinukuliwa sura kwa sura, naye akaenda sawa na wenzake, abaki. Akiachwa nyuma, abadilishe somo. Binti akakibeba kitabu hadi kituoni. Kompyuta ya pale hunukuu hadithi na barua bila shida, lakini ikikutana na majedwali ya hesabu inavuruga safu zote. Kazi ikaangukia vidole vya Mzee Nundu.

Somo lenyewe linahusu nini? Mwandishi wa makala haya aliomba aelezwe taratibu, na binti akamwelezea kwa mfuniko wa boksi la viatu. Katikati ya mfuniko kumekatwa tundu la pembetatu yenye pande sawa, na kipande kilichotoka kinaingia humo kwa namna sita. Unakiacha kilivyo, hiyo ni namna moja. Unakizungusha, ziko nyingine mbili. Unakipindua, cha juu kiwe chini, ziko nyingine tatu. Wanahesabu huwakilisha kila namna kwa jedwali dogo la namba, kisha hulifupisha jedwali kwa namba moja tu, nao huiita tabia.

Tabia hizo hupangwa katika mstari mmoja wa jedwali jingine. Kwa pembetatu hii, tabia ya kukiacha kilivyo ni mbili, ya kukipindua ni sifuri, ya kukizungusha ni hasi moja. Uzuri wake ni kwamba hesabu hii inajikagua. Zidisha kila tabia kwa idadi ya namna zake, ujumlishe. Mbili mara moja, mbili. Sifuri mara tatu, sifuri. Hasi moja mara mbili, hasi mbili. Jumla ni sifuri, na lazima iwe sifuri.

Sura za mwisho za kitabu zinapanda hadi kwenye mpira, ambao unaweza kuzungushwa hata kwa kiasi kidogo kabisa, na kwenye aljebra za mwanahesabu Lie, zinazochunguza mizunguko hiyo midogo. Lakini kila kitu kinaanzia kwenye boksi la viatu.

Na hapo mwanzoni ndipo Mzee Nundu alipokosea. Katika nukta nundu za hesabu, alama ya kutoa ni nukta mbili tu, ziko chini, zimekaa ubavu kwa ubavu. Aliziruka. Hasi moja ikawa moja.

"Nilipata jumla ya nne," anasema binti. "Nikarudia, nne. Ijumaa nne, Jumapili nne. Nikajua basi, mimi ni mjinga, na mkuu wa idara aliliona mapema."

Jumatatu alikuwa ameketi nje ya mlango wa mkuu, akisubiri kuomba abadilishiwe somo. Mhadhiri wake akapita, akamuuliza kulikoni, akamwomba amsomee mstari uliomshinda. Mbili, sifuri, moja.

"Moja, au hasi moja?" mhadhiri akauliza.

Binti hakuingia kwa mkuu. Alikwenda kituoni.

"Hakufoka," anakumbuka Mzee Nundu, na hadi leo sauti inamshuka. "Angefoka ningepumua. Aliniambia tu, 'Baba, naomba uguse hapa.' Nikagusa, hakuna kitu. Mimi nimekunywa chai yangu, nimelala vizuri, kumbe mtoto wa watu anaacha masomo kwa nukta mbili."

Wengi wetu tungeomba radhi, tukachomoza ukurasa mpya, yakaisha. Mzee aliomba radhi, akachomoza ukurasa mpya, kisha akaomba afundishwe namna ya kujua akikosea tena. Jumamosi binti akaja na mfuniko wa boksi. Mke wa mzee, aliyeleta chakula cha mchana siku hiyo, anaigiza kikao hicho kwa raha zote.

"Mzee, umezungusha au umepindua?" binti aliuliza.

"Vyote viwili, mwalimu."

"Basi umepindua tu."

Mzee alibisha. Akajaribu mara nyingi, na kila mara ikawa kweli: kuzungusha kisha kupindua ni kupindua tu. Tangu siku hiyo anamwita binti mwalimu, na hatanii.

Sasa hakuna jedwali linalotoka mezani kwake bila kukaguliwa. Makosa ameyakamata mengi, yote yake mwenyewe, kabla hayajafika mlangoni.

"Sijui jedwali linasema nini," anasema. "Lakini likidanganya, nalijua."

Binti alifaulu, na vizuri. Sasa anasomea shahada ya pili katika somo hilohilo, na anataka kuja kulifundisha. Juzuu zote kumi na moja za nukta nundu, zilizotoka katika kitabu kile kimoja, ziko chumbani kwake, chini ya kitanda.

Sasa hiki anachonukuu mzee asubuhi yote hii, kabla ya saa za kazi, ni cha nani? Ni kitabu kilekile, ameanza upya ukurasa wa kwanza. Hakuna aliyekiagiza. Mkuu wa kituo amemruhusu kutumia karatasi zinazobaki, nayo nakala itawekwa katika maktaba ya idara.

"Yule mwalimu wangu alikaa nje ya mlango akisubiri kuacha," anasema. "Yupo mwingine mahali, labda sasa hivi ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu. Siku akifika, nataka aambiwe kitabu kiko kabatini, kachukue."

Anageukia mashine. Amefika kwenye jedwali la pembetatu, mstari wa tatu. Mbili. Sifuri. Anabonyeza vibonye viwili kwa pamoja, kwa nguvu kuliko inavyohitajika, kisha anafumba macho na kupeleka kidole.

"Ipo," anasema.